Bin ami yangu wa Texas asema wakikubali sheria moja tu, bunduki zote zitachukuliwa. Kuna ukweli hapo?

mkaazi_wa_tudor

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mnisaidie manake grupu letu la wasap la familia sasa hivi halikaliki.

Iko hivi. Bin ami yangu yuko Texas, karibu na Houston, mwaka wa kumi na mbili huu, ni dereva wa lori. Zamani alikuwa akituma picha za watoto na salamu za Ijumaa basi, siku hizi ni bunduki asubuhi bunduki jioni. Ana bastola ya ndani ya lori na ana ile kubwa ya nyumbani, AR-15, na kila ikitoka habari kuwa mtu kaingia skuli akaua watoto yeye hata pole haanzi nayo, aanza na "haya, sasa watakuja kutunyang'anya". Mamangu akamuuliza kwa uzuri tu, mwanangu kwani kuna ubaya gani mtu akachunguzwa kabla ya kuuziwa silaha? Alimjibu kwa voisi ya dakika saba. Dakika saba, mamangu anapika! Kwa ufupi asema hakuna kitu kama sheria ndogo, wakianza na kuchunguza watakuja kwa kusajili, wakishasajili wana orodha, na wakiwa na orodha siku moja watapita nyumba kwa nyumba.

Sasa ingelikuwa ni yeye peke yake ningenyamaza. Lakini shemeji yangu, mume wa dadangu, ana duka la jumla upande wa Kongowea, na ana bastola ya laisensi tangu alipoingiliwa dukani usiku akawekwa chini na wafanyikazi wake. Naye kajiunga na bin ami. Asema hata hapa kwetu Kenya 2018 Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wakati ule, alizifuta laisensi zote kwa siku moja, kwa hivyo tusicheke ya Texas. Tena ataja Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi, kuwa 2013 waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwemo raia wenye bastola zao za laisensi.

Swali langu, kuna nchi ilishawahi kuzikataza ZOTE kabisa? Na hii hofu ya bin ami ina mashiko ama ni maneno ya kuuzia bunduki? Nataka jibu ambalo nikilipeleka kwa grupu sitovunja undugu.

karani_mstaafu

Wa aleikum salaam. Mimi nilikuwa karani wa korti si wakili, mtu asije akaniletea kesi hapa.

Nianze na shemeji yako manake hiyo ya nyumbani naijua. Ni kweli Disemba 2018 laisensi zote za raia zilifutwa. Lakini lililofuata ni siku 90 za kila mwenye silaha kwenda kupigwa msasa upya, wapeleke silaha zionekane, wachukuliwe alama za vidole, aliyepita akapewa cheti kipya cha elektroniki. Manake kulikuwa na watu wana vyeti feki, na wengine wana silaha ambazo raia hafai kuwa nazo. Shemeji yako sasa hivi anayo au hanayo? Kama anayo basi aliitwa upya, hakunyang'anywa. Ni vitu viwili.

Na sheria yetu si ya juzi. Ni sura ya 114, ya tangu 1954 enzi za mkoloni, na mpaka leo msingi wake haujabadilika: hapa kwetu bunduki si haki yako, ni ruhusa. Lazima uonyeshe sababu nzuri ya kuitaka. Na afisa aweza kukunyima akiona wewe ni mlevi (nayo hiyo imeandikwa mle ndani, si maneno yangu), au huna akili timamu, au kwa sababu yoyote nyingine si mtu wa kukabidhiwa silaha. Halafu ziko zile za kivita ambazo hakuna cha sababu nzuri wala mbaya, AK-47, G3, MP5. Ukikamatwa nayo moja ya hizo ni kifungo cha maisha. Kwa hivyo Kenya ishapiga marufuku, ila ni ya aina fulani, na hakuna aliyeandamana.

Nchi iliyozikataza zote kabisa? Watu hutaja Japan. Japan sheria yao yaanza kwa kusema hakuna mtu wa kuwa na bunduki, kisha ndipo yatoa ruhusa kidogo kidogo, na wawindaji wao wana shotigani mpaka leo, ila mtu atafanya mtihani wa kuandika, atalenga shabaha mbele yao, atapimwa akili, na polisi watakuja nyumbani kuangalia wapi ataiweka. Australia, 1996, baada ya mtu mmoja kuua watu 35 pale Port Arthur, walizikataza zile za kujipakia zenyewe na serikali ikazinunua, kama 650,000 hivi. Lakini mkulima wa Australia leo bado ana bunduki yake ya kufukuzia wanyama shambani. New Zealand ni hivyo hivyo baada ya mauaji ya misikiti miwili ya Christchurch 2019, waliouliwa pale 51, Mungu awarehemu. Sheria ilipita chini ya mwezi, na bado hawakuzifuta zote.

Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza, hizo zinazotajwa sana hakuna hata moja iliyozifuta zote.

kifaru_wa_kisauni

Sasa nyinyi mwazungumza bunduki na sisi huku twakimbizwa na panga. Vijana wa Kisauni lini umewaona na bastola? Panga la shilingi mia tano dukani, hakuna laisensi hakuna msasa hakuna Matiang'i. Tupige marufuku mapanga? Na madafu tutafungulia nini, meno?

Na marufuku yenyewe tushaiona hapa. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, 2024, gavana kasimama katangaza Mombasa ni marufuku, haya korti ya Embu ikaisimamisha, na hata zile siku ambazo ilikuwa marufuku mimi niliona watu watafuna vilevile ila bei imepanda. Mwambieni bin ami asiwe na wasiwasi, serikali haijui kunyang'anya kitu mtu anachokipenda.

Abu_Nasra

Kifaru umenichekesha, lakini hilo la panga nitalirudia.

Mimi ni mtu wa Majengo ila naishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa. Sina bunduki na sipendi lakini nitamtetea bin ami kidogo, manake naona kila mtu yuamfanya kama mwendawazimu na si hivyo. Hiyo hofu yao haikutoka hewani. Washington DC mwaka 1976 walipitisha sheria ambayo kwa vitendo raia hakuweza kuwa na bastola nyumbani, na zile ndefu walizoruhusiwa lazima ziwe zimefunguliwa vipande au zimefungwa kufuli. Chicago nao wakafuata 1982. Kwa hivyo ukiishi katika miji hiyo marufuku ya bastola si hadithi, ilikuwako, miaka thelathini.

Lakini sasa ndio bin ami hamalizii. Hizo zote zishakufa. 2008 Mahakama ya Juu iliamua kesi yaitwa Heller, ikasema yale marekebisho ya pili ya katiba, ya 1791, yampa raia haki yake mwenyewe ya kuweka bastola nyumbani kujilinda, ile sheria ya DC ikaanguka. 2010 ikaja ya Chicago, McDonald, ikaanguka vilevile. Yaani hiyo marufuku kamili anayoiogopa, mlango wake ulishafungwa na majaji na ufunguo ukatupwa. Kuufungua yataka kubadilisha katiba, theluthi mbili za mabaraza yote mawili ya Congress kisha majimbo 38 kati ya 50. Wewe majimbo 38 ya Marekani wayaona yakikubaliana kitu gani? Hata chai hawatakubaliana.

Na hukumu hiyo hiyo ya Heller, iliyoandikwa na jaji wa upande wao, ilisema wazi haki hiyo ina mipaka, kumnyima mhalifu au mgonjwa wa akili si kuvunja katiba. Hicho kipande hukisikii kwa zile voisi za dakika saba.

Kuhusu orodha sasa. Serikali kuu ya Marekani imekatazwa kisheria tangu 1986 kuweka rajista ya wenye bunduki. Ukinunua dukani wajaza fomu, muuzaji apiga simu au aingia kwa kompyuta, FBI yasema ndiyo au la, na ikisema ndiyo ile rekodi yafutwa ndani ya masaa 24. Fomu yenyewe yabaki dukani kwenye boksi. Duka likifungwa maboksi yote yapelekwa mji mdogo waitwa Martinsburg, West Virginia, na bunduki ikiokotwa mahali mtu kauawa, wafanyikazi wa pale waanza kufukua karatasi. Wakati mwingine karatasi zilizolowa maji, au picha zake wazipitia moja moja kwa macho kama za maktaba ya zamani. Hawaruhusiwi kuweka kwa kompyuta ambayo waweza kutafuta jina. Nchi iliyopeleka watu mwezini! Karani wa Mwembe Tayari angekuwa keshaweka kwa Excel.

Na kama ni kwa mtu binafsi, si dukani, sheria ya serikali kuu haimlazimishi hata kukuchunguza. Majimbo mengine yalazimisha, Texas la. Sasa orodha iko wapi ya kupitia nyumba kwa nyumba?

mzee_wa_galana

Vijana nimewasoma wote. Mimi sina mengi ila mna haraka ya kumcheka huyo dereva.

Mwaka wa 1977 mimi nilikuwa kijana, babangu alikuwa akifuata wawindaji wenye laisensi kule Galana, kazi yake kusoma nyayo za ndovu na kubeba bunduki ya pili nyuma ya mzungu. Kazi ya halali, ada zimelipwa, kila mnyama na karatasi yake. Mwezi wa tano mwaka ule tangazo likatoka, uwindaji marufuku nchi nzima. Hakukuwa na msasa, hakukuwa na siku 90. Babangu alirudi nyumbani na buti za kazi na turubai moja, ndio kiinua mgongo chake. Ile bunduki aliyokuwa akiisafisha kila jioni kwa kitambaa na mafuta, kama mtu anayemwosha mtoto, hakuishika tena mpaka kufa kwake.

Je, ndovu walipona? Miaka ya themanini Tsavo ilikuwa machinjioni. Mpaka Moi 1989 kachoma tani 12 za pembe Nairobi dunia nzima yaona. Waliokatazwa walitii, majangili hawakusoma lile gazeti.

Halafu karani umeiruka Uingereza, na sidhani ni bahati mbaya. 1987 mtu kaua watu Hungerford, wakakataza raifoli za kujipakia, wakasema ni hizo tu. 1996 mtu akaingia skuli ya Dunblane akaua watoto 16 na mwalimu wao, 1997 wakakataza bastola, kwanza zile kubwa, kisha serikali ilipobadilika mwaka huo huo wakamalizia na zile ndogo za .22. Mwenye bastola ya michezo ambaye hajamkosea mtu maisha yake aliipeleka kituoni. Hatua moja, hatua ya pili, hatua ya tatu. Huyo dereva asema nini tofauti na hayo?

karani_mstaafu

Mzee shikamoo. Sikuiruka, nilichoka kuandika kwa simu. Hilo la Uingereza ni kweli na ndilo pigo zito la upande wenu, sikatai. Ila tumalizie na hapo pia, shotigani Uingereza zipo mpaka leo kwa cheti, raifoli za kuwindia zipo, na Northern Ireland hata bastola zipo kwa laisensi. Na wao hawana katiba iliyoandikwa inayosema bunduki ni haki, Bunge lao likiamka na nia laweza. Texas si London.

Na ndovu, mzee wangu, kwa heshima zote, ujangili ulikuwa umeshapamba moto kabla ya 1977, ndiyo moja ya sababu marufuku ililetwa. Bei ya pembe ndiyo iliyowaua.

mzee_wa_galana

Marahaba. Sawa, bei ya pembe. Lakini bei ya pembe haikumrudisha babangu kazini.

binti_kibokoni

Nimesoma naona wanaume tu mwabishana miaka na majaji. Hebu na mimi niseme la nyumbani kwangu, jina mtanisamehe.

Mume wangu alikuwa na bastola ya laisensi, alikuwa akibeba pesa za watu kwa kazi yake. Sheria yasema iwekwe mahali salama pamefungwa. Yeye aliiweka kwenye kopo la biskuti, lile la duara la bluu, limezungushiwa kanga yangu kuukuu, juu ya kabati la nguo. Kila siku namwambia nunua sefu, yuaniambia sefu ni bei na nani atafikia huko juu. Siku moja niko jikoni nakaanga mahamri, mwanangu wa miaka mitano, kimya. Nyinyi mlio na watoto mwaijua ile kimya. Nikaingia chumbani nikamkuta amepandisha kigoda juu ya kitanda, kopo lishateremka, kanga iko chini, na yeye ameishika kwa mikono miwili kwa sababu ni nzito, yuaniangalia, aniuliza "mama biskuti ziko wapi?"

Sikupiga kelele. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilimwambia biskuti ziko jikoni njoo na uiweke hiyo polepole, akaiweka. Kisha ndipo miguu ikanikatikia pale pale mlangoni na mahamri yakaungua yote.

Haikuwa na risasi, mume wangu aliapa. Mimi sijui kuangalia na siku ile sikutaka kujua.

Kwa hivyo mimi mtu akinijia na marufuku kamili au si kamili, hunipati huko. Nataka kujua nani aliyekuja nyumbani kwangu kuangalia imewekwa wapi, hakuna. Hao wa Japan walionifurahisha ni kwa hilo tu.

kifaru_wa_kisauni

Subhanallah. Dada hapo nimenyamaza.

mkaazi_wa_tudor

Wallahi binti_kibokoni nimeisoma mara mbili na nimempelekea dadangu sasa hivi. Yeye na shemeji wana watoto watatu na hata sijui bastola yawekwa wapi, sijawahi kuuliza.

Lakini Abu_Nasra nirudi kwako. Kama mlango umefungwa na orodha haipo, kwa nini watu milioni kadhaa waamini vile? Bin ami si mjinga, alikuwa wa kwanza darasani.

Abu_Nasra

Kwa sababu wapo wanasiasa waliosema. 2019 kwenye mdahalo pale Houston, mjini kwao bin ami, Beto O'Rourke aliyekuwa akitafuta urais alisimama mbele ya kamera akasema ndiyo, AR-15 tutazichukua. Mtu mmoja kwenye jukwaa, na kipande chake bado chazunguka kwa simu za watu mpaka kesho. Hawaongezi kuwa urais aliukosa, na 2022 akagombea ugavana wa Texas akaukosa vilevile.

Pili ni biashara. Hapa kila zikizungumzwa sheria watu wakimbilia dukani. Disemba 2012 mtu aliua watoto 20 na watu wazima sita skuli ya Sandy Hook, na mwezi ule ule uchunguzi wa wanunuzi wa bunduki ulivunja rekodi. Watoto hawajamaliza kuzikwa na foleni ziko nje ya maduka, kila mmoja awahi kabla ya marufuku. Marufuku ikaja? 2013 Seneti walileta mswada wa kuchunguza wanunuzi hata kwenye maonyesho ya bunduki na matangazo ya mtandaoni. Na humo ndani waliandika kuwa afisa yeyote atakayezitumia hizo rekodi kutengeneza rajista atafungwa mpaka miaka 15! Waliwaandikia hofu yao ndani ya sheria. Kura 54 za ndiyo, 46 za la, na zilitakiwa 60. Ukafa.

Mwaka 2022 ndipo ikapita moja, baada ya mauaji ya watoto skuli ya Uvalde huko Texas, ya kuwachunguza zaidi walio chini ya miaka 21 na mambo mengine madogo. Mwulize bin ami tangu siku ile nani amekuja kwake. Wiki ile ile Mahakama ya Juu ilipanua haki ya kutembea na bastola njiani. Yaani mkono mmoja wapunguza kijiko, mwingine waongeza ndoo.

Na Westgate ya shemeji yako naiheshimu, waliofanya vile ni mashujaa kweli. Lakini Uvalde walifika askari 376, wenye bunduki na fulana za kuzuia risasi, wakakaa zaidi ya saa nzima nje ya darasa na watoto ndani wapiga simu kwa sauti ya chini. Bunduki haimpi mtu moyo, yampa bunduki.

Sasa la panga, Kifaru. Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Vifo vya bunduki Marekani mwaka 2021 vilikuwa 48,830, na zaidi ya nusu si majambazi, ni watu wamejiua wenyewe. Nilikuwa na mzee mmoja nikimwogesha, mkewe kafa, watoto mbali, ana bastola kwenye mtoto wa meza karibu na dawa zake. Siku mbaya hupita, wajua, mimi nimeshakaa na wazee wengi siku zao mbaya na zikapita. Yake haikupewa nafasi ya kupita. Sitosema zaidi. Mtu mwenye panga amkimbiza mtu, aweza kuchoka, aweza kuzuiwa, mtu aweza kushonwa. Ile nyingine ni kidole tu.

kifaru_wa_kisauni

Nimekuelewa. Bin khalti yangu alikatwa panga bega na mgongo kule Mishomoroni, nyuzi nyingi kwelikweli, leo ni makanga anapiga kelele kila asubuhi stejini. Ingekuwa bastola tungekuwa twamsomea khitma kila mwaka.

Lakini bado naogopa, serikali yetu hii na orodha? Hapo niko na bin ami kidogo.

mzee_wa_galana

Abu_Nasra pole kwa mzee wako. Kazi hiyo si rahisi.

Mimi sibadilishi la babangu. Ila nitakubali jambo moja, hao wa 1977 hawakuulizwa, na huyo dereva kila siku yuaulizwa na kila mara yuasema la na la lake lasikizwa. Tofauti hiyo sikuwa nimeiona nilipoandika.

mkaazi_wa_tudor

Narudi na habari. Niliandika kwa grupu nikafupisha yote, Heller, Martinsburg, miaka 15, nikaweka na Uingereza ya mzee ili asiseme nimeficha. Bin ami kajibu haraka, mahakama ya leo si mahakama ya kesho, majaji huteuliwa. Nikaona sawa, hilo si la kijinga, majaji hubadilika kweli.

Kisha mamangu, ambaye hajui Heller wala nini, akatuma voisi yake yeye. Sekunde kumi. "Mwanangu hiyo ya lori nimeisikia. Ile kubwa, usiku ukilala, yakaa wapi, na watoto walala wapi?"

Tiki mbili za bluu. Hakujibu mchana wote. Usiku wa manane wetu ndipo kaandika neno moja, "chini ya kitanda". Baadaye akaongeza kuwa atanunua kasha la kufuli Jumamosi akirudi safari. Hatukuendelea tena, grupu limerudi kwa harusi ya mwezi ujao na nani atapika biriani.

Shemeji naye dadangu kamfungulia droo ya dukani, ndimo ilimokuwa, chini ya vitabu vya risiti, na wafanyikazi wanne waingia watoka. Kachukia kweli kuulizwa, lakini leo nimemwona kwa fundi wa vyuma aulizia sefu ya kuchimbia ukutani.

Asanteni nyote, na binti_kibokoni zaidi.

karani_mstaafu

Mwambie shemeji ikichimbiwa na ile laisensi airenyu kwa wakati, asingoje mpaka siku ya mwisho kisha aje kusema wamemnyang'anya.

kifaru_wa_kisauni

Binti, na lile kopo la biskuti bado mnalo?

binti_kibokoni

Lipo. Yeye silaha alirudisha mwaka ule ule alipoacha ile kazi. Kopo natilia visheti.